Phoenix Inapoishia: Nyumba Mpya na Maji ya Karatasini

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, bomba la maji baridi jikoni kwangu halina maji baridi. Asubuhi linatoa ya uvuguvugu, na ikifika saa tisa alasiri yanafaa kuloweka maharage. Mabomba yamefukiwa kina kifupi, na ardhi yenyewe imeshaiva. Jirani yangu, mama wa Uvira aliyefika Marekani kupitia kambi ya Nyarugusu, alinigongea mlango wiki ya kwanza aliyohamia. "Kaka, fundi alikosea. Maji ya baridi iko moto kuliko ya moto." Nikamwambia hapana, mama, fundi hakukosea. Karibu mtaani.

Tuko magharibi ya Phoenix, jimbo la Arizona, ndani ya mipaka ya mji wa Buckeye. Sensa ya mwaka 2000 ilikuta watu 6,537 hapa, katika mji mdogo wa mashamba ya pamba na malisho. Mwaka 2010 walikuwa 50,876. Mwaka 2020 walikuwa 91,502, na miaka michache baadaye mji ukavuka laki moja. Eneo ambalo mji umejipangia kukua lina zaidi ya kilomita za mraba 1,600, na sehemu kubwa yake bado ni vichaka vya kreosoti, makorongo makavu na saguaro, ile kaktasi ndefu yenye mikono ambayo huruhusiwi kuikata bila kibali. Mkandarasi anayetaka kujenga huing'oa saguaro kwa mashine, akaifunga kama mgonjwa wa mgongo na kwenda kuipanda mbele ya ofisi ya mauzo. Watu wakija kutazama nyumba wanapiga picha hapo.

Mtaa wetu unaishia ghafla. Lami imekatwa sawasawa kama kwa kisu, kisha kuna kizuizi chenye mistari, kisha jangwa. Ndugu wa nyumbani wakinipigia simu kuuliza kunafananaje, huwa nawatajia Kitengela au Goba, halafu nawaambia wageuze mpangilio. Kwetu mtu huanza kwa kiwanja, akapandisha msingi, akahamia kabla ya kupiga plasta, na barabara, umeme na maji vikamfuata vikitaka. Hapa vitu hivyo hutangulia watu. Ukitembea jioni upande wa jangwani utakuta njia ya waenda kwa miguu, taa za barabarani na bomba jekundu la zimamoto limesimama peke yake, na nyumba hakuna hata moja. Baada ya soko la nyumba kuanguka kuanzia 2007, mitaa ya namna hiyo ilibaki miaka kadhaa, taa zikiwamulikia sungura. Bei za nyumba eneo la Phoenix zilishuka kwa zaidi ya nusu kabla ya kuinuka tena. Wenyeji wa siku nyingi wanazungumzia miaka ile kama sisi tunavyozungumzia njaa.

Kwa hiyo mtu akiona bomba la zimamoto jangwani hudhani kila kitu kimeshapangwa, maji yamo. Na mimi nilidhani hivyo. Sasa najua kwamba bomba ni chuma tu, na kinachohakikisha kwamba ndani ya chuma kitapita kitu kwa miaka mingi ijayo ni karatasi iliyotiwa sahihi na idara ya maji ya jimbo. Katika mji wa jangwani ukingo wa mji haupo pale lami inapokatika. Upo pale karatasi hiyo inapokatika, na mnunuzi wa kawaida hauoni.

Kwanza niseme kwa nini watu wanakuja, maana kuna waandishi wanaoandika kana kwamba sisi wa pembezoni tulipotea njia. Tunakuja kwa sababu ya bei. Familia nyingi za Kikongo, Kirundi na Kisomali zilizoletwa Arizona kama wakimbizi zilianzia kwenye nyumba za kupanga za ghorofa katika maeneo ya Glendale na magharibi ya Phoenix. Baba yuko zamu ya usiku kwenye ghala, mama anahudumia wazee, watoto sita wamo katika vyumba viwili. Baada ya miaka saba au minane wameweka akiba ya kianzio, wakaanza kuendesha gari kuelekea machweo wakitazama mabango. Kila kilomita kumi bei inapungua kidogo. Wanasimama pale ambapo benki inasema ndiyo. Kwangu mimi benki ilisema ndiyo kilomita 58 kutoka kazini.

Ile nafuu ya bei hailiwi yote. Gari moja halitoshi, maana basi hapa ni nadra kama mvua na dukani hufiki kwa miguu mwezi wa saba ukabaki na akili zako. Barabara kuu namba 10 asubuhi inakula saa moja na nusu ya maisha. Kuna ada ya chama cha wamiliki wa nyumba, ambacho kitakuandikia barua kwa sababu magugu matatu yameota kwenye kokoto za mbele au pipa la taka limelala nje siku moja zaidi. (Nimewahi kutozwa faini kwa ajili ya mchicha. Niliupanda mbele kwa sababu nyuma kulikuwa na jua kali mno.) Na katika mitaa mingi mipya kuna kodi ya ziada juu ya kodi ya nyumba, ya kulipia dhamana zilizojenga barabara na mabomba yale yaliyotutangulia. Ukijumlisha unakuta umbali nao una bei, ila unaulipa kwa awamu na hauonekani kwenye bango.

Joto nitalipitia haraka, kwa sababu ndilo kila mtu analolijua. Kiangazi cha 2023 Phoenix ilipata siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Julai, kipimo hakikushuka chini ya nyuzi 36. Kaunti ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka ule, na 608 mwaka uliofuata. Wengi wa waliofia ndani ya nyumba hawakukosa kiyoyozi. Kilikuwepo ukutani, kimeharibika. Mwaka 2018 bibi mmoja alikufa baada ya kukatiwa umeme kwa deni la dola 51, na mwaka uliofuata mamlaka ya udhibiti ikapiga marufuku kuwakatia watu umeme miezi ya joto. Huku pembezoni usiku wetu una nafuu kidogo kuliko katikati ya jiji, kwa sababu jangwa lililo wazi hupoa upesi kuliko zege. Kila awamu mpya ya nyumba inayomwagwa lami mbele yetu inatupunguzia nafuu hiyo, kama sisi tulivyowapunguzia waliotutangulia. Vumbi la ujenzi nalo hubeba vimelea vya kuvu wa udongoni wanaoleta homa ya bonde (Valley fever), ugonjwa wa mapafu. Mtu anakohoa miezi miwili akidhani ni mafua.

Turudi kwenye maji.

Phoenix ina mito yake miwili, Salt na Verde, iliyofungwa kwa mabwawa tangu Bwawa la Roosevelt lilipokamilika mwaka 1911. Maji hayo yamefungamana na ardhi za katikati ya bonde, na sisi wa nje hayatuhusu. Chanzo cha pili ni maji ya mto Colorado, yanayovutwa kwa mfereji wa kilomita 541 kutoka Ziwa Havasu, yakipandishwa milima kwa pampu hadi Tucson. Mfereji huo ulijengwa kuanzia 1973, ukakamilika 1993, na uligharimu zaidi ya dola bilioni 4. Ili Bunge la Marekani likubali kuujenga, mwaka 1968 Arizona ilikubali sharti moja zito: ukame ukija, maji ya mfereji huu yatakatwa kabla ya yale ya California. Ukame ukaja. Agosti 2021 serikali ya shirikisho ilitangaza upungufu kwa mara ya kwanza katika historia ya mto huo, na kuanzia Januari 2022 Arizona ikapoteza takriban asilimia 18 ya mgao wake wa Colorado. Walioumia kwanza ni wakulima wa kaunti ya Pinal, kusini yetu, waliorudi kuchimba visima.

Chanzo cha tatu kiko chini ya miguu yetu. Hapo ndipo penye mambo.

Maji ya chini ya ardhi hapa ni ya kale. Mvua haiyarudishi kwa kasi tunayoyavuta, kwa hiyo ni kama mtu anayekula mtaji. Hadi miaka ya 1970 mwenye pampu ndiye aliyekuwa mwenye maji, na sehemu nyingine za jimbo ardhi ilidondoka na kupasuka. Mwaka 1979 waziri wa mambo ya ndani wa Rais Carter, Cecil Andrus, aliwaambia viongozi wa Arizona kwamba wasipodhibiti visima fedha za mfereji zitasimama. Mwaka uliofuata gavana Bruce Babbitt akatia sahihi Sheria ya Usimamizi wa Maji ya Ardhini. Kifungu chake mashuhuri ni hiki: katika maeneo yanayosimamiwa, Phoenix ikiwemo, huwezi kugawa ardhi na kuuza viwanja vya nyumba mpaka uthibitishe kwamba kuna maji ya kutosha miaka 100.

Miaka 100! Mimi natoka mahali ambapo mgao wa maji hutangazwa kwa wiki, na utekelezaji wake ni wa bahati. Niliposoma kifungu hicho mara ya kwanza nilikiheshimu, na bado nakiheshimu. Ni sheria chache sana duniani zinazomlinda mtu ambaye bado hajazaliwa dhidi ya dalali aliye hai.

Lakini sheria ni nyumba, na hii ina milango ya uani. Mmoja ulifunguliwa mwaka 1993, pale ilipoundwa wilaya ya kurudishia maji ardhini (si wilaya ya utawala, ni chombo cha maji tu). Mjenzi asiye na maji ya mto anaweza kuchimba kisima papo hapo, akajiunga na wilaya hiyo, nayo ikaahidi kununua maji mahali pengine na kuyamwaga ardhini ndani ya eneo lilelile la usimamizi. Neno la kuangalia hapo ni "eneo". Kisima kinachotunywesha kiko hapa, na bwawa la kurudishia linaweza kuwa makumi ya kilomita mbali. Kwenye vitabu hesabu inasawazishwa, huku chini ya mtaa maji yanashuka. Anayelipia si mjenzi, ambaye ameshauza na kuondoka. Malipo yanaingizwa kwenye bili ya kodi ya mwenye nyumba. Nililipa mstari huo miaka mitatu nikidhani ni ada ya mitaro.

Mlango wa pili ni neno "viwanja". Sheria inahesabu mgawanyo wa ardhi kuanzia viwanja sita. Ukikata shamba vipande vitano, huhitaji kuthibitisha chochote. Ukauza kimoja kwa binamu, binamu akakikata vitano, na mwingine vivyo hivyo, unaweza kujenga kitongoji kizima ambacho mbele ya sheria hakipo.

Kitongoji cha namna hiyo kina jina: Rio Verde Foothills, upande wa pili kabisa wa bonde, kaskazini mashariki, jirani na mji tajiri wa Scottsdale. Nyumba nzuri, farasi, mwonekano wa milima. Mamia ya nyumba hazikuwa na bomba wala kisima kinachofaa, zikaishi kwa maji ya boza. Ndiyo, boza, kama la Mbezi au la Rongai, isipokuwa nyumba inayonunua ina thamani ya nusu milioni ya dola na zaidi. Maboza yalikuwa yakijaza Scottsdale. Mji ule ulionya kwa miaka kwamba maji yake ni ya wakazi wake, na ukame ukizidi utafunga. Tarehe 1 Januari 2023 ukafunga.

Maboza yakaanza kwenda mbali kutafuta pa kujaza, na bei ikapanda vibaya. Watu waliokuwa na mabwawa ya kuogelea wakakinga mvua kwa ndoo ili wapate ya kumwaga chooni. Wakala kwenye sahani za karatasi. Wakaenda mahakamani dhidi ya Scottsdale na hakimu hakuwakubalia. Nilifuatilia habari hizo kila siku, na nakiri kuwa mwanzoni nilicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekulia kwenye dumu la lita 20 akimtazama mwenye farasi akijifunza kuoga kwa kikombe. Kicheko hakikudumu. Wale watu hawakuvunja sheria. Dalali aliwaambia maji yapo, na kweli yalikuwepo, yanakuja kwa gari kila baada ya wiki mbili. Kosa lao ni kutouliza nani ameyaahidi.

Tena kuna jambo ambalo wachambuzi wengi walilipita haraka. Kabla ya kukatiwa, baadhi ya wakazi walitaka kuunda wilaya yao ndogo ya maji. Majirani zao wengi wakapinga, wakiogopa kodi na serikali kuwaingilia, na Agosti 2022 bodi ya kaunti ikalikataa ombi hilo. Watu walihamia pembezoni ili waondokane na serikali, wakagundua kwamba maji ndiyo serikali yenyewe. Mwishoni iliwalazimu kusubiri sheria ya bunge la jimbo iliyotiwa sahihi na gavana Katie Hobbs katikati ya 2023, ili Scottsdale ipitishe maji kwa muda wakati kampuni moja ya maji inajenga kituo cha kudumu cha kujazia maboza. Kumbuka hilo: hata suluhisho la kudumu ni kituo cha maboza.

Mwezi uleule wa Juni 2023 zamu yetu ilifika. Idara ya maji ya jimbo ilitoa hesabu mpya ya maji ya ardhini ya eneo la Phoenix kwa miaka 100, ikaonyesha kwamba takriban asilimia 4 ya mahitaji hayatapata maji, yaani kama mita za ujazo bilioni 6. Asilimia 4 inasikika ndogo. Lakini sheria haijui asilimia 96. Kama maji hayatoshi, hayatoshi, na idara ikatangaza kwamba haitatoa vyeti vipya vya maji ya miaka 100 kwa miradi inayotegemea maji ya ardhini peke yake. Viwanja kama 80,000 vilivyokuwa na cheti tayari havikuguswa. Chetu kimo humo.

Magazeti ya ng'ambo yaliandika kwamba Phoenix imeishiwa maji. Haikuishiwa. Katikati ya jiji, kwenye maji ya mito na mfereji, ujenzi uliendelea kama jana. Kilichoishiwa ni ahadi, tena upande wetu hasa: Buckeye magharibi na Queen Creek kusini mashariki, miji iliyokua upesi ikiegemea visima. Nje kidogo ya hapa kuna mradi uitwao Teravalis, uliozinduliwa Oktoba 2022, unaokusudiwa kuwa na nyumba 100,000 kwenye ekari 37,000. Ni sehemu ndogo tu yake iliyokuwa na vyeti. Iliyobaki yote ilikuwa ramani na subira.

Miji yenye fedha haikukaa kungoja. Mwanzoni mwa 2023 Buckeye iliidhinisha dola milioni 80 kununua haki ya maji ya ardhini katika bonde la Harquahala, magharibi zaidi. Queen Creek ilishalipa zaidi ya dola milioni 20 kwa maji ya shamba moja huko Cibola, kando ya mto Colorado, upande wa pili wa jimbo, na mwaka 2024 hakimu wa shirikisho akasema tathmini ya mazingira ya uhamisho ule haikutosha. Wakulima wa kule kando ya mto wanauliza: leo mnanunua shamba moja, kesho je? Sina jibu la kuwapa. Mimi ni mmoja wa wanaonunuliwa hayo maji.

Wajenzi wanalalamika, na chama chao kiliishtaki idara ya maji mapema 2025. Hoja yao isidharauliwe. Wanasema nyumba zinatumia maji kidogo kuliko pamba au alfalfa kwenye eneo lilelile, na kwa hiyo kukataza nyumba huku mashamba yanaendelea kumwagiliwa ni kichekesho. Wako sahihi nusu. Kilimo kinachukua zaidi ya theluthi mbili ya maji ya Arizona, na nyumba zenye ua wa kokoto zinazojengwa juu ya shamba la zamani mara nyingi hupunguza matumizi. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2025, ya kuruhusu haki ya maji ya shamba igeuzwe kuwa ya mtaa wa makazi, ilipita kwa kura za vyama vyote viwili, na mimi naiunga mkono. Nusu nyingine hawaisemi: nyumba nyingi za mbele yetu hazitajengwa juu ya shamba la mtu. Zinajengwa juu ya kreosoti, ardhi ambayo haijawahi kunywa zaidi ya mvua. Hapo kila bafu ni mahitaji mapya. Jangwa si moja. Lipo jangwa lililowahi kuwa pamba na lipo lililowahi kuwa jangwa tu, na bei ya nyumba hailitofautishi hili na lile.

Wanasema pia kwamba zuio linawaumiza wanyonge kwa kupandisha bei. Hili linanigusa, kwa sababu wanyonge wenyewe ni watu wangu, wale wa ghorofani Glendale wanaohesabu akiba. Mimi niliyekwisha kuingia, nyumba yenye cheti, nikisema mlango ufungwe nyuma yangu, nitaonekanaje? Nimelizungusha kichwani mara nyingi, kwenye foleni ya barabara namba 10 kuna muda wa kutosha. Msimamo wangu bado ni kwamba zuio ni sawa. Nyumba ya bei nafuu ambayo maji yake hayana mwenyewe si nafuu. Ni deni ambalo tarehe yake haijaandikwa, na sisi tuliotoka mbali tunajua ni nani huwa anabaki kudaiwa pale wenye uwezo wanapohama.

Kinachonikera ni mlango wa tatu. Sharti la miaka 100 linamlinda anayenunua. Nyumba zinazojengwa kwa ajili ya kupangisha tu, kwa mikataba isiyozidi mwaka, hazihesabiwi kuwa viwanja vinavyouzwa, kwa hiyo hazihitaji cheti. Viwanda navyo havihitaji. Matokeo yake, tangu zuio liwekwe, mtu anaweza kukatazwa kuuza nyumba 200 na kuruhusiwa kujenga nyumba 200 zilezile, za mbao na jasi zilezile, kwenye udongo uleule, alimradi abaki kuwa mwenye nyumba na kupokea kodi. Mpangaji anakunywa maji sawa na mmiliki. Tofauti ni kwamba mpangaji hana wa kumuahidi kitu.

Siwezi kuandika kuhusu maji ya hapa bila kuwataja waliokuwa nayo. Mifereji ya kwanza ya bonde hili ilichimbwa kwa mikono, karne nyingi kabla ya Wazungu, na watu ambao Waakimel O'odham, wenyeji wa asili wa hapa, wanawahesabu kuwa mababu zao. Jiji la Phoenix lilipewa jina la yule ndege wa hadithi afufukaye majivuni kwa sababu walowezi waliliona likiinuka juu ya magofu ya mifereji hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19 walowezi wa upande wa juu waliuchepusha mto Gila, na jamii iliyokuwa ikiuza ngano ikafa njaa. Kesi na mazungumzo vilichukua vizazi. Mwaka 2004 sheria ya shirikisho iliitambulia jumuiya yao, Gila River Indian Community, haki ya maji ya takriban mita za ujazo milioni 800 kwa mwaka, na leo hakuna mwenye mgao mkubwa wa mfereji kuwazidi. Miji inayokua inakwenda kwao na kofia mkononi kukodi. Nikipita kwenye mashamba yao kusini ya jiji, kijani kibichi katikati ya Julai, sioni ubadhirifu hata kidogo.

Wiki tatu zilizopita yule mama wa Uvira alinijia tena. Mdogo wake amepata kazi kwenye ghala katika mji jirani wa Goodyear na anataka kutoka Glendale. Ng'ambo ya barabara yetu umefunguliwa mtaa mpya wa kupangisha, nyumba ndogondogo za kupendeza, kila moja na ua wake wenye nyasi za plastiki. Tukaenda pamoja Jumamosi. Binti wa ofisini alituonyesha bwawa la kuogelea, chumba cha mazoezi na pahali pa kuogeshea mbwa. Nikamuuliza maji ya mtaa yanatoka kwa nani. Akatabasamu, akasema bili ya maji imejumuishwa kwenye kodi.

Nilimvuta yule mdogo wa mama pembeni nikamweleza habari ya cheti, boza na miaka 100, kwa kifupi kadiri nilivyoweza, jua likitupiga. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akauliza shule ni ipi, na basi la wanafunzi linasimama wapi. Linasimama pale getini. Mkataba ulikuwa wa miezi 12. Akatia sahihi siku ileile, maana shule hapa hufunguliwa mwanzoni mwa Agosti, na Jumamosi iliyofuata tulibeba makochi saa kumi na moja alfajiri, kabla chuma cha mlango hakijaanza kuunguza mikono.